Uhandisi kemikali: kabla ya kuchagua chuo, soma jina la kozi

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali linalozunguka kwenye makundi ya wazazi na wahitimu huwa moja: chuo gani kizuri? Kwa anayetaka uhandisi kemikali, swali hilo limewahi mno. Ziko shahada ambazo majina yake yanakaribiana sana, lakini moja inakupeleka kwenye usajili wa wahandisi na nyingine haikupeleki huko kabisa, na zote mbili zinaweza kufundishwa kwenye chuo kimoja, majengo yakitazamana. Anayechagua chuo kwanza, halafu ndipo aangalie kozi zilizobaki, mara nyingi huishia na jina kubwa la chuo na kozi ambayo hakuikusudia.

Mkanganyiko unaanzia sekondari. Mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) au PCB (fizikia, kemia na biolojia) anayependa kemia huambiwa na mwalimu wake, kwa nia njema, "wewe nenda uhandisi kemikali." Mapenzi ya kemia yanasaidia, lakini mwaka wa pili wa kozi hiyo atakutana na hesabu za joto, mtiririko na shinikizo kuliko milinganyo ya kemia. Wapo wanaofurahi kugundua hivyo. Wapo pia wanaosapu, yaani kurudia mitihani, mpaka wanadisko na kuondolewa chuoni, huku wakijiuliza kemia yao imekwenda wapi.

Mkemia na mhandisi kemikali

Chukua kiwanda cha sukari, kwa kuwa tunavyo: Kilombero, Mtibwa, TPC ya Moshi, Kagera. Juisi ya miwa ikishasafishwa huingia kwenye mitambo ya kuvukizia ikiwa na sukari, tuseme, asilimia 15 ya uzito wake. Inatakiwa itoke ikiwa sharubati nzito yenye asilimia 60. Maji kiasi gani yaondolewe?

Tuchukue tani 100 za juisi. Ndani yake mna tani 15 za sukari. Sukari haigeuki mvuke, kwa hiyo tani 15 hizohizo lazima ziwemo kwenye sharubati inayotoka. Kama tani 15 ni asilimia 60 ya sharubati, basi sharubati yote ni tani 25. Tani 75 zilizobaki ni maji, na yote yanatakiwa yageuzwe mvuke. Hesabu hiyo inaitwa mizania ya maada, na ndiyo mlango wa fani nzima: kinachoingia lazima kitoke, au kibaki ndani, au kiwe kimegeuka kitu kingine.

Sasa inakuja mizania ya nishati. Kuvukiza tani moja ya maji kunahitaji takribani tani moja ya mvuke kutoka kwenye boila. Ukitumia chombo kimoja utahitaji karibu tani 75 za mvuke, na makapi ya miwa unayochoma hayatatosha. Dawa yake ilipatikana Louisiana. Norbert Rillieux, mhandisi mweusi aliyezaliwa New Orleans enzi za utumwa, alipata hataza mwaka 1843 ya mtambo ambamo mvuke unaotoka chombo cha kwanza unachemsha chombo cha pili, kilicho na shinikizo dogo zaidi, na kuendelea. Vyombo vinne vikifuatana, mahitaji ya mvuke hushuka hadi kama robo, yaani chini kidogo ya tani 20. Viwanda vyetu vinafanya vivyo hivyo mpaka leo.

Mbele ya mtambo huo mkemia atauliza kama sukari inavunjika kwa lile joto na kuwa glukosi na fruktosi. Mhandisi mitambo atauliza kama pampu inahimili ule uzito wa sharubati. Mhandisi kemikali ndiye anayebeba ile hesabu nzima: kiasi gani kiingie, joto gani, shinikizo gani, vyombo vingapi, gharama gani, na nini kitatokea vali moja ikikwama saa nane usiku. Kama maswali hayo yamekuchosha kuyasoma tu, hujapoteza kitu. Shahada ya kemia ipo na ina heshima yake. Heri kulijua hilo Julai kuliko mwaka wa tatu.

Fani yenyewe si ya zamani sana. George E. Davis alitoa mihadhara yake Manchester mwaka 1887, na mwaka uliofuata chuo cha MIT cha Marekani kikaanzisha kozi ya kwanza yenye jina hilo. Mwaka 1915 Arthur D. Little akatoa wazo lililoipa fani uti wa mgongo: kwamba viwanda vyote, vya bia, saruji, dawa au mafuta, vimejengwa kwa hatua chache zilezile zinazojirudia, kama kukausha, kukeneka (kutenganisha vimiminika kwa kuvichemsha na kupoza mvuke wake), kuchuja, kupoza na kuchanganya. Ukizijua hatua hizo hutishwi na kiwanda usichokijua. Ndiyo maana mhitimu mmoja wa fani hii anaweza kuanza kazi kwenye bia, akahamia maji, akastaafu kwenye mgodi wa dhahabu.

Jinsi ya kusoma orodha ya masomo

Kila chuo kinachojiheshimu kina prospektasi yenye masomo ya kila muhula. Ipakue, ruka kurasa za makamu mkuu wa chuo na historia, nenda kwenye jedwali la masomo.

Unatafuta vitu vichache. Mizania ya maada na nishati lazima iwepo mapema, mwaka wa kwanza au mwanzoni mwa wa pili. Kisha thamodinamiki, yaani elimu ya joto na nishati, mtiririko wa vimiminika na gesi, uhamishaji wa joto, na uhamishaji wa maada, yaani lile somo linalobeba ukenekaji, ufyonzaji na ukaushaji. Halafu uhandisi wa mimenyuko, unaofundisha kupima ukubwa wa chombo ambamo kemikali zitaungana. Udhibiti wa mitambo, usalama wa kiwanda, na mwaka wa mwisho, usanifu wa kiwanda kizima: wanafunzi wanapewa bidhaa na kiasi, wanaambiwa watoe michoro, mizania, ukubwa wa vyombo na gharama.

Kama jedwali limejaa kemia hai, kemia ya uchambuzi na kemia ya rangi, lakini uhamishaji wa maada na uhandisi wa mimenyuko haupo, hiyo ni kemia ya viwandani, hata kama kwenye tangazo kuna picha ya kijana aliyevaa helmeti. Kinyume chake kipo pia. Kozi inayoitwa "uhandisi wa uchakataji" inaweza kuwa na masomo yote niliyoyataja, na ikawa ni uhandisi kemikali kwa jina jingine. Wajerumani kwa mfano wana neno lao la uhandisi wa michakato ambalo halitaji kemia popote.

Somo la usanifu wa kiwanda ndilo kipimo changu ninachokipenda. Ni ghali kulifundisha. Linahitaji walimu waliowahi kuona kiwanda kwa ndani na linaunganisha masomo mengine yote. Chuo kilicholifanya kuwa mradi wa muhula mzima au mwaka mzima kinajua kinachofanya. Chuo kilichoweka badala yake "mradi wa utafiti" wa kuchuja maji kwa maganda ya mayai kimekata kona. Vichwa vya miradi ya mwaka wa mwisho vipo idarani, omba uvione.

Majina yanayochanganya

Kwa Tanzania, jina ambalo limekuwa likibeba fani hii kwa muda mrefu ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitivo cha Uhandisi cha Mlimani kilifunguliwa 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na sasa kinaitwa Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, CoET kwa wanafunzi. Shahada yao inaitwa Uhandisi Kemikali na Uchakataji, miaka minne. Lakini hapohapo Mlimani kuna metalojia na uchakataji wa madini, na kuna uhandisi wa petroli. Mwombaji anayejaza fomu kwa simu, bando likikaribia kuisha, anaziona zote kuwa ndugu.

Ni ndugu, ila zimeoa mbali. Metalojia itakupeleka kwenye dhahabu na shaba: kusaga mwamba, kuyeyusha dhahabu kwa sianidi, kuinasa kwenye kaboni. Hiyo ni kazi ya uhandisi kemikali iliyobanwa kwenye sekta moja, na kwa nchi yenye Geita, Bulyanhulu na North Mara si vibaya kubanwa huko. Petroli ni jambo jingine. Mhandisi wa petroli anafundishwa mwamba wa chini, uchimbaji wa kisima na namna ya kuyatoa mafuta au gesi ardhini. Yakishatoka, kazi ya kuyatenganisha, kuyasafisha na kuyageuza bidhaa ni ya mhandisi kemikali. Wengi niliowasikia wakisema "nataka mafuta na gesi" walikuwa wanawaza kiwanda cha kusafisha mafuta, halafu wakachagua kozi ya kuchimba.

Na hapa niseme wazi. Gesi ya kina kirefu ilipogunduliwa kwenye pwani ya kusini kuanzia 2010, kozi za petroli zilichipua na vijana wakazikimbilia. Mradi mkubwa wa gesi kimiminika wa Lindi umezungumzwa kwa zaidi ya miaka 10. Kiwanda cha TIPER pale Kigamboni, kilichoanza kusafisha mafuta ghafi 1966, kiliacha kusafisha mwishoni mwa miaka ya 1990 na kubaki na matangi ya kuhifadhia. Kile cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza 1963, kilisimama 2013. Anayechukua shahada pana ya uhandisi kemikali anaweza kwenda kwenye gesi siku milango ikifunguka, na kabla ya hapo akala mshahara kwenye bia au saruji. Mwenye shahada finyu ya petroli hana njia rahisi ya kurudi. Kama mdogo wangu angeniuliza kati ya hizo mbili, nisingetafuta maneno.

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, linaonyesha mpaka kati ya fani hizi. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba zima linapashwa joto ili yabaki kwenye nyuzi 50 au zaidi. Kuyatoa ardhini ni kazi ya petroli. Kukokotoa joto linalopotea kila kilomita na umeme wa kulirudisha ni uhamishaji wa joto, somo la mwaka wa pili wa uhandisi kemikali.

Kuna majirani wengine wa fani hii ambao mwombaji hupewa kama "chaguo la pili" bila maelezo. Chuo cha Sokoine, Morogoro, kina sayansi na teknolojia ya chakula. Ukimaliza unaelewa maziwa na juisi kuliko mhandisi kemikali yeyote, lakini ni shahada ya sayansi ya chakula. Chuo Kikuu Ardhi kina uhandisi wa mazingira, na humo majitaka na maji safi yanafundishwa kwa kina. Kampasi ya Mwanza ya DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ina teknolojia ya ngozi, fani ndogo yenye kemikali nyingi na watu wachache wanaoijua.

Kenya, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kina Uhandisi Kemikali na Uchakataji, na Dedan Kimathi cha Nyeri kina uhandisi kemikali. Tofauti ya kwanza atakayoiona Mtanzania ni muda: shahada ya uhandisi Kenya imekuwa miaka 5. Mwaka huo mmoja ni ada, kodi ya chumba na mshahara ambao hujaanza kuupokea.

Nani atakusajili

Wazazi hawalisikii hili mpaka baada ya mahafali. Tanzania, kujiita mhandisi kunasimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, chini ya Sheria Na. 15 ya 1997. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hupitia mafunzo chini ya mhandisi mzoefu, kwa kawaida miaka mitatu, ndipo aombe kuwa mhandisi mtaalamu. Mpango wa mafunzo hayo, SEAP, umekuwepo tangu 2003. Bodi inaangalia shahada yako. Kama haiitambui kuwa ya uhandisi, hata ukiwa na daraja la kwanza, hutapita.

Mambo mawili tofauti huwekwa kapu moja. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, inathibitisha kuwa chuo na programu ni halali. ERB inaamua kama mhitimu wa programu hiyo anasajilika kama mhandisi. Kozi inaweza kuwa halali kabisa kwa TCU, bila uhandisi wowote ndani yake kwa ERB. Kwa hiyo maswali ni mawili, na yanapelekwa ofisi mbili.

Kenya walilipia somo hili mahakamani. Wahitimu zaidi ya 100 wa kozi za uhandisi walikataliwa usajili na bodi ya wakati huo kwa hoja kwamba kozi zao hazikuwa zimetambuliwa. Walishtaki, kesi ikapanda ngazi moja baada ya nyingine, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi. Lakini hebu fikiria umri: kijana aliyemaliza akiwa na miaka 24 anapata haki yake akiwa na familia, na wenzake waliosajiliwa mapema wameshakuwa mameneja. Kabla ya kukubali nafasi Kenya, angalia orodha ya programu zinazotambuliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na angalia jina kamili la programu pamoja na kampasi.

Faida ya kusajiliwa inavuka mpaka. Mwaka 2012 Kenya, Uganda na Tanzania zilisaini makubaliano ya kutambuana wahandisi ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Anayenufaika ni aliyekwisha kuwa mhandisi mtaalamu kwao. Mwenye cheti cha chuo tu makubaliano hayo hayamsaidii.

Nenda ukaione maabara

Kama unaweza kufika chuoni, fika siku ya kazi, siku ya maonesho uiache. Omba kuonyeshwa maabara ya uhandisi, ile yenye mitambo, kwa sababu ya kemia ya mwaka wa kwanza zote zinafanana.

Utaona mnara wa kukenekea, pengine wa kioo, mrefu kumzidi mtu. Utaona kibadilisha joto, seti ya pampu, mtambo wa kukaushia. Usihesabu mitambo. Tazama kama bomba la maji ya kupozea limeunganishwa au linaning'inia. Tazama kama vioo vya vipimo vina vumbi. Tafuta karatasi ya maelekezo ya zoezi: kama imeandikwa kwa mkono na kurekebishwa mara kadhaa, mtambo huo unatumika. Kisha mwulize fundi sanifu wa maabara, kwa heshima, uliwashwa lini mara ya mwisho na kipuri kikiharibika kinachukua muda gani kuja. Huyo ndiye atakayekwambia ukweli. Profesa atakwambia mipango.

Uliza pia wanafunzi wangapi wanazunguka mtambo mmoja kwa zamu. Wakiwa watano, kila mtu atafungua vali. Wakiwa ishirini na tano, wawili watafungua vali, mmoja ataandika namba, na waliobaki watanakili ripoti usiku hosteli. Ndiyo maana kozi yenye idadi ndogo ya wanafunzi kwenye mwongozo wa TCU isikutishe. Kwa fani hii udogo ni nafuu.

Uwe mwangalifu na habari za zamani. Vyuo vingi vya umma Tanzania vimekuwa vikijenga na kununua vifaa kwa fedha za mradi wa HEET, mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia uliopitishwa 2021. Kaka aliyemaliza 2016 anaweza kukulalamikia maabara ambayo imeshabadilika. Anaweza pia kukusifia iliyokuwa na walimu ambao wameshastaafu.

Chuo kisipokuwa na leseni za programu ghali za kuiga mitambo, isiwe mwisho wa safari. DWSIM ni ya bure, inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida, na ile mizania ya sukari unaweza kuijaribu humo ukiwa bado nyumbani unasubiri udahili. Swali ni kama kuna mwalimu anayeitumia darasani.

Viwanda vilivyo karibu

PT, yaani mafunzo ya vitendo viwandani, ndiyo inayoajiri. Kwa mwanafunzi wa kawaida asiye na mjomba kwenye bodi ya kampuni, meneja aliyemwona akifanya kazi kwa wiki kadhaa ndiye mdhamini wake wa kwanza.

Hapa jiografia ina neno. Aliye Dar es Salaam yuko ndani ya daladala moja au mbili na bia ya Ilala, saruji ya Wazo Hill, viwanda vya sabuni na mafuta ya kula, dawa za binadamu, na mitambo ya maji ya Ruvu haiko mbali. Anaweza kufanya PT akilala nyumbani kwa shangazi. Eldoret ina kitu ambacho sijui chuo kingine cha ukanda huu kilichonacho kwa kiwango hicho: Chuo cha Moi kilichukua kiwanda cha nguo cha Rivatex mwaka 2007, kwa hiyo kupaka rangi kitambaa na kusafisha majitaka ya rangi ni jambo la mlango wa pili. Ukanda wa magharibi ya Kenya nao una viwanda vya sukari. Nyeri, Dedan Kimathi wana taasisi ya jotoardhi, na jotoardhi kwa Kenya si nadharia.

Swali la kuuliza idara: nafasi za PT mnatafuta ninyi au natafuta mimi? Chuo kikisema "mwanafunzi anajitafutia", si kosa la jinai, ila ujue umepewa kazi ya ziada, na anza kuandika barua Januari.

Orodha za ubora

Webometrics, inayonukuliwa sana na vyuo vyetu kila inapotoka, hutengenezwa Hispania na msingi wake ni uwepo wa chuo mtandaoni: tovuti, viungo, machapisho yanayoonekana. QS huweka uzito mkubwa kwenye sifa ya chuo machoni mwa wasomi wanaohojiwa. Hakuna kati ya hizo inayojua kama mnara wa kukenekea wa idara yako unawaka. Zitumie ukiwa unaomba shahada ya uzamili nje. Kwa shahada ya kwanza hapa nyumbani, chuo kupanda nafasi 40 hakukuongezei hata zoezi moja la maabara.

Ukipata nafasi nje ya nchi

Ufadhili wa China, Uturuki, Urusi au Algeria unakuja na sharti ambalo wengi hulichukulia wepesi: mwaka wa lugha. Thamodinamiki kwa Kiswahili cha akilini, Kiingereza cha kitabu na Kichina cha mwalimu si mchezo. Wanaofaulu ni wengi, lakini waulize waliotangulia walifaulu vipi, na kozi yenyewe inafundishwa kwa lugha gani mwaka wa pili, kwani tangazo hueleza ya mwaka wa kwanza tu.

Kuhusu kutambuliwa, utasikia habari za Mkataba wa Washington wa 1989, ambao bodi za uhandisi za nchi kadhaa zinatambuana shahada. Afrika Kusini iliingia 1999, Malaysia 2009, Uturuki 2011, Urusi 2012, India 2014, China 2016. Tahadhari ni kwamba nchi kuwa ndani hakuingizi kila chuo chake. India ni mfano mzuri: zinazohesabika ni programu zilizopata ithibati ya daraja la kwanza la bodi yao, NBA, na vyuo vya uhandisi vya India ni maelfu. Wakala anayekwambia "India ipo kwenye mkataba" amekupa nusu ya habari, na ni ile nusu inayomlipa. Mwombe jina la programu kwenye orodha ya NBA na mwaka ithibati yake inapoisha. Kwa programu za Uingereza na nyinginezo duniani, taasisi ya wahandisi kemikali ya huko, IChemE, iliyoanzishwa 1922, nayo ina orodha yake ya zilizoithibitishwa.

Kabla ya kuondoka, Mtanzania anapaswa kupata TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi, na akirudi shahada yake ipelekwe TCU kutambuliwa. Peleka swali ERB pia kabla ya kupanda ndege. Barua pepe moja yenye jina la chuo, jina la programu na kiungo cha jedwali la masomo inatosha.

Fedha, kisha dirisha la udahili

Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kwa kawaida ni kwa wanaosoma ndani ya nchi, na marejesho yake ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi ukishaajiriwa. Kwa waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi upo pia ufadhili wa Samia, ulioanza 2022. Linganisha vyuo kwa gharama ya kuishi, maana tofauti ya ada kati ya vyuo vya umma ni ndogo kuliko tofauti ya kodi ya chumba kati ya Mlimani na Dodoma. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, na huwa linachelewa, mwenye ndugu jirani anakula.

Sifa za chini za TCU ni ufaulu wa masomo mawili makuu wenye jumla ya pointi 4, lakini kila programu ina sifa zake juu ya hapo, pamoja na masomo inayoyataka kwa majina. Mwenye PCB asome mstari wa hesabu kwa makini. Maombi yanapelekwa chuoni moja kwa moja. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja utatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha, na muda wa kuitumia ni mfupi.

Siku hizo chache ndizo za kazi. Fungua prospektasi mbili kwenye skrini moja, tafuta uhamishaji wa maada na usanifu wa kiwanda kwenye kila moja, piga simu idarani uulize kuhusu PT, na hakikisha jina lililoandikwa kwenye ujumbe wa udahili ni lilelile uliloliomba, neno kwa neno. Kuhama kozi baadaye kunawezekana kama una sifa zake na nafasi ipo, na kwa kozi zenye wanafunzi wachache nafasi huwa imeshajaa kufikia wiki ya kwanza ya masomo.